Kuitambua na kuikuza eksakamu Lamu: maji, udongo na msimu

Eksakamu (mmea mfupi wa chunguni wenye maua ya zambarau) ikifa Lamu, lawama ya kwanza huangukia joto. Joto lina sehemu yake, lakini mmea huu si mgeni wa Bahari ya Hindi. Kwao ni Sokotra, kisiwa cha Yemen kilichoko mbele ya pembe ya Somalia, kunakovuma pepo za msimu, kusi na kaskazi, kama huku. Kinachouua hapa, mara nyingi zaidi, ni chumvi ya maji ya kisima, chokaa iliyomo kwenye mchanga wa pwani, na mkono wa mpandaji uliozamisha shina chini kuliko lilivyozoea kukaa. Yote matatu yanazuilika kwa vitu vilivyoko mjini: maji ya mvua, makumbi ya nazi, na kupima kabla ya kupanda.

Jina lake la kisayansi ni Exacum affine, na ni wa jamii ya jentiana, Gentianaceae. Biashara ya maua ya Ulaya imeupachika jina linaloutaja Uajemi na maua ya vayoleti, nao hauna nasaba na kimoja wala kingine. Ulaya ilianza kuukuza baada ya mwanabotania wa Scotland, Isaac Bayley Balfour, kufika Sokotra mwaka 1880 na kukusanya mimea ya kisiwa kile. Kule huota penye kivuli na unyevu, kwenye nyufa za miamba na kando ya vijito. Picha hiyo ya mwamba wenye kivuli na maji matamu yanayopita bila kutuama iwe akilini kila unapoamua kuhusu chungu, mahali au maji.

Kuitambua

Mmea wote ni mfupi, sentimita 20 hadi 30 ukiwa chunguni, nao hutoa matawi wenyewe hadi ukawa kama mpira wa majani. Pitisha kidole kwenye shina changa: lina kona nne, si la mviringo. Majani hukaa mawili mawili, yakikabiliana kwenye kila pingili. Ni laini, yanang'aa, hayana meno pembeni, na urefu wake ni kama sentimita 2 hadi 4. Ukilielekeza jani kwenye mwanga utaona mishipa mitatu au mitano inayoanzia karibu na kikonyo na kukimbilia ncha. Pale majani mawili yanapokutana na shina hakuna jani dogo la ziada katikati yao. Hilo ni la kuangaliwa vizuri, kwa sababu jamaa ya mkahawa nayo ina majani ya kukabiliana, lakini yenyewe huwa na jani hilo dogo kati ya vikonyo.

Kisha tafuta tumba ambalo halijafunguka na ulitazame kutoka juu. Petali zake zimesokotwa upande mmoja, kila moja imelalia ya jirani, kama kitambaa cha kilemba kinavyozungushwa. Hiyo ni alama ya jamii nzima ya jentiana. Ua likifunguka lina petali tano za rangi ya zambarau yenye ubuluu, upana wa sentimita 1 hadi 1.5, na katikati vifuko vitano vya chavua vya manjano kali vilivyosimama pamoja. Zipo pia aina za maua meupe na za petali nyingi zilizotokana na uchaguzi wa wakulima. Harufu ni tamu na ya chini. Haiwezi kushindana na asumini wala mrehani wa kikuba, lakini asubuhi, kukiwa hakuna upepo, utaisikia ukiinama.

Vifuko hivyo havipasuki ubavuni kama vya maua mengi. Vina kitundu nchani, na chavua hutoka pale tu kinapotikiswa. Ubavuni mwake kuna kijiti cha kike kilichopinda kuelekea upande mmoja: kwenye ua moja kimeinamia kulia, kwenye lingine kushoto, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Ukiweka maua mawili ya namna hiyo sambamba kwenye kiganja, hutayasahau tena.

Kwenye kikonyo cha ua, majani ya kikombe yana ubawa mgongoni, yaani ukingo mwembamba uliosimama wima. Ua likinyauka, petali hazidondoki. Hukauka zikiwa zimelizingira tunda dogo la mviringo, na zile mbawa huonekana wazi zaidi.

Mimea mitatu ndiyo inayochanganywa nayo Pwani. Wa kwanza ni mbiringani na jamaa zake kama mtunguja, kwa sababu nao una ua la zambarau lenye vifuko vya manjano vyenye vitundu nchani. Majani humaliza mabishano: ya mbiringani hupishana kwenye shina na yana manyoya, ya eksakamu hukabiliana na ni laini. Wa pili ni vinka, lile ua la waridi au jeupe linaloota hata kwenye ufa wa ukuta. Majani yake hukabiliana na tumba lake limesokotwa vile vile, maana familia hizo mbili ni za oda moja, lakini kwenye vinka vifuko vya chavua vimejificha ndani ya mrija mwembamba na katikati ya ua unaona kitundu tu.

Wa tatu ni ndugu wa kweli wa jamii hii hii: Enicostema axillare, anayeota mwenyewe kwenye nyasi na udongo wa kichanga wa mwambao. Ana mashina ya kona nne yanayotoka kwenye kisiki kimoja kigumu, majani membamba ya kukabiliana, na maua madogo meupe yasiyo na vikonyo, yaliyobanana kwenye kwapa za majani pingili baada ya pingili. Ukimwona, mwache alipo.

Jamii hii ni chungu, uchungu wa kushindana na mwarobaini, na India huyo ndugu wa mwituni ni dawa ya kienyeji inayojulikana sana. Hilo lisimfanye mtu achemshe eksakamu ya chunguni. Ni mmea wa kutazamwa na kunuswa, basi.

Maji kwanza, kabla ya mbegu

Mji wa Lamu hupata maji yake kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani na kukaa chini kama tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji mazito ya bahari. Tabaka hilo likipungua mwishoni mwa kaskazi, au likivutwa kwa nguvu mahali pamoja, chumvi hupanda. Visima vya ndani ya mji vina shida hiyo kwa ukubwa zaidi, na juu yake vina chokaa kwa kuwa maji yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Malindi kuna maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na visima vya karibu na ufuo ambavyo huwa na tabia moja na vya Lamu. Kokote ulipo, pima.

Kipimo hakihitaji mashine. Chukua sahani nyeusi au sufuria safi, mimina nusu glasi ya maji unayotaka kutumia, uiache kivulini hadi yakauke. Maji ya mvua huacha karibu na hakuna. Maji mabaya huacha duara jeupe. Gusa duara hilo kwa kidole kilicholowa na uonje kwa ncha ya ulimi: likiwa na ladha ya chumvi, maji hayo hayafai kabisa kwa eksakamu. Kisha kamulia tone la ndimu juu yake. Povu likichemka, kuna chokaa. Mwenye kipima-chumvi cha umeme asizidishe 0.5 mS/cm kwa miche, na 1.0 kwa mimea iliyokomaa.

Chumvi na chokaa huharibu kwa njia mbili tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha. Chumvi huyazuia maji yasiingie mzizini, kwa hiyo mmea hunyauka hali udongo umelowa, na kingo za majani ya zamani huungua na kuwa kahawia. Chokaa hupandisha pH ya udongo, yaani huupunguzia uchachu, hadi madini ya chuma yasiweze kuyeyuka. Hapo majani mapya hutoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Eksakamu inataka pH ya kati ya 5.5 na 6.5.

Maji ya mvua ndiyo jibu. Mwenye jabia, yaani tangi la kukingia maji, nyumbani amemaliza kazi. Asiye nayo aweke pipa la lita 200 chini ya mtilizi wakati wa masika: vyungu kumi vya sentimita 12 hutumia kama lita 1.5 hadi 2 kwa siku, hivyo pipa moja hukaa miezi mitatu au zaidi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa kwa dakika kama kumi kabla ya kukinga, maana paa la Lamu limejaa vumbi la chumvi kutoka baharini. Funika pipa kwa chandarua, mbu wasizalie humo. Ukilazimika kutumia maji yenye chokaa yasiyo na chumvi, yachanganye nusu kwa nusu na ya mvua na uongeze kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe kwa kila lita 5. Hiyo ni ya kuvukia wiki chache, si ya msimu mzima. Maji ya chumvi hayana dawa ya siki wala ya kitu kingine chochote cha jikoni.

Udongo wa chunguni

Usitumie mchanga wa ufuoni, hata ukiuosha mara saba. Chumvi itatoka, lakini mchanga wenyewe una vipande vya magamba na matumbawe. Weka kijiko chake kwenye sahani, kamulia ndimu, usikilize: ukichemka, huo ni chokaa na utaendelea kuyeyuka polepole chunguni kwa miezi. Mchanga wa mto haufanyi povu. Unaofaa ni ule wa mto uliochotwa mbali na mdomo, ambapo maji ya bahari hayafiki. Ukikosekana, twanga vigae vya vyungu vya udongo hadi viwe na ukubwa wa punje za mtama na uvitumie badala yake. Vinafanya kazi ile ile ya kupitisha maji na havina chokaa.

Msingi wa mchanganyiko ni vumbi la makumbi ya nazi. Hapa kuna mtego wa pwani. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yatolewe usumba wa kamba yamekunywa chumvi hadi ndani. Chukua makumbi makavu ya shambani yasiyowahi kugusa bahari, yapondeponde, toa nyuzi ndefu, uchekeche vumbi lake. Hata hayo yaloweke kwenye ndoo ya maji matamu kwa saa 12, uyakamue, urudie mara tatu. Maji ya mwisho yapime kwa sahani kama ulivyopima ya kisima. Matofali ya vumbi la makumbi ya dukani nayo yaoshwe vivyo hivyo.

Samadi ya punda ipo tele mjini, na ni nzuri ikiiva. Ikiwa mbichi ina chumvi na amonia vya kutosha kuunguza mizizi hii laini. Irundike na majani makavu, igeuze kila wiki mbili, isubiri miezi minne hadi sita ipoteze harufu na uso wa samadi. Mvua ya masika ikiipitia, bora zaidi, kwa kuwa inaiosha.

Vipimo ni hivi, kwa kopo lolote: makopo 6 ya vumbi la makumbi, makopo 2 ya mboji ya samadi ya punda, makopo 2 ya mchanga wa mto au vigae. Jaza chungu, mwagilia kikombe kimoja cha chai, utazame chini. Maji yaanze kutoka kabla dakika haijaisha. Yakichelewa, ongeza kopo la mchanga. Usitie majivu ya jikoni hata kidogo, maana yanafanya kazi ya chokaa.

Mahali na msimu

Nyumba ya kale ya Lamu ina kiwanda, ule uwanja wa ndani uliozungukwa na kuta nene za mawe, na hakuna mahali pazuri zaidi pa mmea huu. Jua la asubuhi linaingia kwa muda wa saa mbili au tatu, la mchana linazuiliwa, na ukuta unaukinga upepo wa kusi unaobeba unyunyu wa bahari. Pa pili kwa ubora ni daka, yaani kibaraza cha mlangoni, linalotazama mashariki. Juu ya dari ya nyumba, hata chini ya kivuli cha makuti, upepo utaushinda. Ukuta uliopakwa chokaa usiguse chungu, kwani mvua ikiuosha, maji yake hutiririkia humo. Jua kali la mchana halileti maua zaidi. Huyafifiza, zambarau ikawa kama kijivu, na majani yakapauka.

Mmea huu hupenda nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi, na huvumilia hadi 29 ukiwa na kivuli na unyevu. Mchana wa Lamu haushuki hadi hapo chini, kwa hiyo tunaupa msimu ulio baridi kuliko yote, yaani kati ya Juni na Septemba, kusi inapovuma. Mbegu huchukua kama miezi mitano hadi ua la kwanza. Panda mwanzoni mwa Aprili, ndani ya nyumba, ili maua yafunguke mwishoni mwa Agosti na Septemba. Ukipanda Agosti, mmea utatia matumba Januari, kaskazi ikiwa imekolea na joto limepanda, na matumba yatakauka kabla ya kufunguka.

Kupanda mbegu

1. Tafuta trei au bakuli lenye vitundu chini, kina cha sentimita 5. Jaza vumbi la makumbi lililochekechwa na mchanga laini wa mto, nusu kwa nusu, bila samadi. Mwagia maji yaliyochemka ili kuua ukungu, liache lipoe na kuchuruzika.

2. Weka trei ndani ya karai lenye maji ya mvua ya kina cha sentimita 2. Uso wa udongo ukigeuka rangi na kuwa mweusi kila mahali, toa.

3. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Changanya chembe zake, kiasi cha kushikwa kati ya vidole viwili, na kijiko kimoja cha chai cha mchanga mkavu. Weka kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, ugongegonge ukisogea juu ya trei. Feni izimwe.

4. Usizifukie. Zinahitaji mwanga ili kuota, na hata milimita mbili za udongo huzizika moja kwa moja. Hili ndilo kosa linalofanya watu waseme wameuziwa mbegu mbovu.

5. Funika kwa kioo au plastiki angavu, uweke penye mwanga pasipo na jua la moja kwa moja. Chumba cha chini chenye kuta nene kinafaa zaidi ya cha juu. Futa matone yaliyoganda chini ya kifuniko kila asubuhi.

6. Kati ya siku ya 14 na ya 21 utaona vitone vya kijani. Sogeza kifuniko kidogo kidogo kwa wiki nzima hadi ukiondoe. Maji yatoke chini tu, kama hatua ya pili.

Miche hukaa midogo kwa muda unaokatisha tamaa. Mwezi mzima inaweza kuonekana kama haikui, kwa sababu inajenga mizizi kwanza. Usiitie mbolea kwa huruma. Ikisongamana, ipunguze kwa mkasi mdogo badala ya kung'oa, maana ukiung'oa mmoja unavuta mizizi ya watatu.

Ikifikisha jozi mbili za majani ya kweli, wiki ya 6 hadi ya 8, ihamishie trei nyingine kwa nafasi ya sentimita 3. Shika jani. Shina likibanwa na vidole, mche umekwisha hata kama utasimama siku mbili zaidi. Majani yakianza kugusana, peleka mche mmoja kwenye chungu cha sentimita 10, au mitatu kwenye cha 15.

Kina cha kupanda ndipo wengi wanapokosea, hasa waliozoea nyanya. Nyanya huzikwa shina ikatoa mizizi mipya. Eksakamu ikizikwa shina, huoza. Donge la mizizi likae milimita 2 au 3 juu ya uso wa udongo wa chungu, ili maji yateremke kutoka shinani. Mche ukilegea, usiuongezee udongo shingoni. Uegemeze kwa kijiti cha kuti hadi ushike.

Kukata ncha si lazima, kwa kuwa mmea hutoa matawi wenyewe. Kata ncha tu kama mche umerefuka ukitafuta mwanga, ukiwa na jozi nne za majani, kisha uuhamishe penye mwanga zaidi.

Kwa vipandikizi

Jirani akiwa na mmea mzuri, hii ndiyo njia ya haraka, na ndiyo njia ya kuuvusha kaskazi. Chukua ncha zenye urefu wa sentimita 5 hadi 7, asubuhi, kwa wembe safi, ukikata chini kidogo ya pingili. Ondoa jozi ya majani ya chini na matumba yote. Karibu kila ncha itakuwa na matumba, na yakibaki yatakula nguvu ya kutoa mizizi. Chomeka sentimita 2 kwenye mchanganyiko ule ule wa mbegu, funika kwa nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Baada ya wiki mbili au tatu vuta taratibu: kikikuzuia, kimeshika. Vipandikizi vya Oktoba, vikiwekwa pahali penye baridi kuliko pote nyumbani na kunyimwa maua hadi Aprili, huanza msimu mpya miezi mingi mbele ya mbegu.

Maji na mbolea

Mizizi ni myembamba na haistahimili ukame wala kutuama. Inua chungu kila asubuhi. Baada ya siku chache mkono utajua uzito wa chungu kilicholowa na kilichokauka, na hutahitaji ratiba. Chungu cha sentimita 12 huchukua mililita 150 hadi 200 mara moja kwa siku wakati wa kusi, na joto likizidi huenda kikahitaji mara mbili kwa kiasi kidogo. Mwagilia udongo, si majani, na mwaga maji ya kisahani baada ya robo saa. Ukikauka hadi majani yakalala, utaamka ukinyweshwa, lakini matumba madogo mengi yatageuka kahawia.

Mbolea ni kidogo na mara kwa mara: NPK 20-20-20 ya kuyeyusha, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 10, yaani karibu nusu gramu kwa lita, mara moja kwa wiki tangu wiki ya pili baada ya kuhamia chunguni. Kila wiki ya nne acha mbolea, upitishe maji ya mvua matupu yanayolingana na ujazo wa chungu mara mbili, ili chumvi za mbolea zitoke.

Mara maua yakianza, pita kila siku mbili ukiyachuna yaliyonyauka. Kwa kuwa petali hazidondoki zenyewe, hukusanya umande na ukungu wa kijivu huanzia hapo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mche unaoanguka ghafla ukiwa na shina jembamba kama uzi usawa wa udongo umeshikwa na ukungu wa udongo. Sababu ni msongamano, hewa iliyofungiwa na maji ya juu. Toa kijiko cha udongo pamoja na walioanguka, fungua kifuniko, usimwagilie siku mbili.

Mmea mkubwa unaonyauka tawi moja moja, na shingo yake ikiwa na kidonda cha kahawia, umepandwa chini sana au umejeruhiwa pale. Hauponi. Kata ncha zilizo safi uzifanye vipandikizi, ukitazama kidonda cha mkato: kikiwa na doa la kahawia ndani, kata juu zaidi.

Majani mapya yakitoka madogo, magumu na yamejikunja, matumba yakiwa yamepinda, hao ni utitiri wadogo ambao jicho halioni. Tenga chungu hicho. Salfa ya unga wa kuyeyusha hufanya kazi, kwa kipimo cha kibandiko chake, ikinyunyizwa jioni, kamwe si joto likizidi nyuzi 30, maana huunguza majani. Vidukari hutolewa kwa maji ya sabuni ya mche, gramu 5 kwa lita, kisha kusuuzwa kwa maji ya mvua.

Thripi, wadudu wadogo wembamba, ni hatari zaidi kwa wanachokibeba. Huleta virusi vinavyoacha madoa meusi au ya kahawia yenye miviringo kwenye majani na mashina, na kwa hilo hakuna dawa. Mmea huo uchomwe au uzikwe siku ile ile, na usiufanyie vipandikizi hata kama una ncha zinazoonekana safi. Chandarua chenye matundu madogo juu ya miche husaidia kuwapunguza.

Majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani yanataka maji ya mvua kwanza, kisha chuma cha kuyeyusha cha aina ya kileti (chelate). Ukiweka chuma huku ukiendelea na maji ya kisima, utapata kijani cha wiki moja.

Na mmea uliochanua miezi mitatu ukaanza kuchoka, ukipoteza majani ya chini, mara nyingi hauna ugonjwa. Maisha yake ni mafupi kwa asili. Kata vipandikizi mapema, kabla haujafika hapo.

Mbegu zako mwenyewe

Wanaolihudumia ua hili ni nyuki wanaotetemesha mwili, kama wale wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba. Ndani ya kiwanda kilichofungwa huenda wasifike. Shika kijiko cha chuma chini ya ua lililofunguka siku ya pili au ya tatu, uligonge kikonyo kwa ukucha mara kumi hivi kwa haraka. Unga wa manjano utadondokea kijikoni. Gusisha unga huo kwenye ncha ya kijiti cha kike cha ua la mmea mwingine.

Tunda hukomaa kwa wiki kadhaa, likigeuka kutoka kijani hadi kahawia kavu, kisha hupasuka vipande viwili na mbegu kupeperuka. Lifunge kwa kipande cha karatasi nyembamba likianza kubadilika rangi. Mbegu za aina mseto hazitafanana na mama, nyingine zitatoka ndefu na zenye maua machache. Zikaushe kivulini siku tano, uzitie kwenye karatasi ndani ya chupa yenye kijiko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa ili unyonye unyevu, uiweke ndani ya friji, sehemu ya chini, hadi Aprili. Siku ya kupanda, iache chupa nje ipate joto la nyumba saa nzima kabla ya kuifungua, vinginevyo umande utaingia ndani na mbegu zitagandamana zisigawanyike kwenye trei.